Agroveti ya Kongowea iliyokataa kuniuzia dawa ya nne

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nlioikata ntaeleza huko chini.

Duka lenyewe la dawa za mifugo mkienda bila kuelekezwa mtalipita, mlango mdogo wa kijani nyuma ya soko la Kongowea hapa Mombasa, upande wa wauza viazi, kibao kishafutika maandishi na mwenyewe hana haraka ya kukipaka, kwa hivyo msiniulize jina. Ulizeni tu kwa mzee wa kuku. Ndani joto la tanuri, feni ipo lakini inazungusha lile lile joto.

Mimi nafuga Mtopanga, nyuma ya nyumba, kuku chotara wa kienyeji. Mwezi wa nne nlichukua vifaranga 60 wa siku moja, watatu wakafa wiki ya kwanza, hilo nshalizoea. Wiki ya nne ikatukuta na masika, usiku bati likavuja, maranda yakaroa, na mimi kwa uvivu wangu nkasema jua likitoka yatakauka. Jua lenyewe la mwezi wa tano mnalijua. Baada ya siku kadhaa naingia bandani naona wamejikunyata, mabawa yameanguka, na choo kina damu.

Nkakimbilia duka moja la dawa za mifugo karibu na nyumbani, silitaji, na kijana wa pale hata hakuniuliza wana umri gani. Akanitolea vitu vitatu, amproliamu, oksitetra na vitamini ya unga, "changanya zote maji yale yale mama, watapona." Nkalipa 1,450 nkarudi nkachanganya kama nlivoambiwa. Siku ya tatu nlikuwa nshazika 11.

Ndo jirani akaniambia niende kwa mzee, na nisiende mikono mitupu, niende na aliyekufa. Basi nkamtia kifaranga kwenye kopo la aiskrimu nkapanda matatu, konda ananichekea, "mama hiyo aiskrimu itayeyuka na foleni hii," mimi kimya, nimelikumbatia kopo langu mpaka Kongowea.

Mzee hakugusa rafu. Akavaa miwani, akaanza maswali. Wako wangapi, wana wiki ngapi, maranda ulibadilisha lini, maji ya kisima au ya mfereji, umeshawapa nini. Alafu akamchukua yule kifaranga mpaka uani, akamlaza juu ya kipande cha bati, akampasua mbele yangu. Mwisho wa utumbo kuna vifuko viwili, vya huyu vilikuwa vimevimba vimejaa damu nyeusi kama soseji. "Koksidia hii, haina ubishi." Kazi hiyo shilingi 200, na hapo ndo nlifunzwa kitu ambacho yule wa kwanza aliyechukua 1,450 yangu hakunifunza.

Kumbe amproliamu inafanana na vitamini B1. Yule mdudu wa koksidia anaichukua akidhani ni ile vitamini anayoihitaji, anakosa ya kweli, anakufa. Sasa mimi maji yale yale nimetia vitamini yenye hiyo hiyo B1! Mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, umemtilia sumu na dawa yake kwenye bilauri moja." Na ile oksitetra je? Ni ya bakteria, koksidia haijali.

Nshafungua pochi, namwambia basi nipe iliyo kali zaidi. Akakataa. Wallahi akakataa pesa. Akasema dawa unayo nyumbani tayari, nenda kaitumie peke yake siku 5 kwa kipimo cha kwenye pakiti, vitamini ngoja mpaka umalize, na maranda yote uyatoe leo, sio kesho, manake vijiyai vya koksidia vikipata unyevu na joto siku moja mbili tu vinakuwa tayari kuambukiza, na Mombasa unyevu na joto tunapewa bure. Nlitoa magunia manne ya maranda usiku ule nikiwa na tochi ya simu mdomoni. Wakafa wanne zaidi, alafu vifo vikasimama. Wakabaki 42.

Ningeishia hapo ningempa nyota 5 na tungeachana. Lakini sehemu ninayotaka msome ni hii ya pili.

Wiki ya sita watatu wakaanza kushindwa na miguu. Nkawaingiza jikoni, boksi, taulo, taa, nawanywesha kwa bomba la sindano kila masaa mawili, usiku naamka, watoto wangu wenyewe sikuwaamkia hivyo. Mamangu ananiangalia tu hasemi kitu, na nyinyi mnajua mama akinyamaza. Siku ya nne nkawatia kikapuni nkarudi kwa mzee na bajeti yangu kabisa, nataka sindano, nataka chochote.

Akawatoa mmoja mmoja. Wa kwanza vidole vimejikunja ndani kama ngumi, anatembelea magoti. Huyu akasema ana matumaini, dalili ni kama ya ukosefu wa vitamini B2, ikiwahiwa hurudi. Wawili waliobaki mguu mmoja umenyooka mbele mwingine nyuma, kama mtu anayeruka mtaro. Akaniuliza, hawa ulipowanunua walipigwa chanjo ya Mareki siku ya kwanza? Mimi naijua wapi, aliyeniuzia alisema "wako sawa" nkaridhika. Akasema bila maabara hatoapa, lakini inavoonekana ni Mareki, ni kirusi, hakina dawa, si kwake si kwa mwengine yeyote, na akiniuzia sindano leo atakuwa ameniibia.

Nkamwuliza sasa nifanye nini, niwatupe? Akasema hapana, jipe siku 3. Vitamini wape wote watatu, gharama yake ndogo, sasa koksidia imeisha haina madhara. Lakini acha kumlazimisha kunywa. Muwekee maji na chakula karibu uone kama anajifikia. Kila asubuhi mpapase kidari, kama mfupa unazidi kuwa mkali kama kisu basi anaisha hata kama macho yamefunguka. Angalia kama wenzake wanamdonoa, mtenge. Na siku ya tatu jioni, kama hajaweza kujifikia maji mwenyewe, usiongeze ya nne. Mchinje, kwa kisu kikali, na mtu mwenye mkono mwepesi.

Sijui kwa nini ile "siku 3" ilinisaidia hivyo. Labda kwa sababu ilikuwa na mwisho. Kabla ya hapo nlikuwa kila usiku nasema kesho, kesho, na kuku mwenyewe yuko pale taulo limeroa, shingo imelegea, mimi najiita mwenye huruma.

Wa vidole alisimama siku ya pili jioni, amepinda pinda lakini amesimama. Wale wawili siku ya tatu nlipapasa vidari nkamwita shemeji. Hatukuwala, tuliwafukia shimo refu na chokaa juu, manake paka wa Mtopanga hawana adabu. Nliporudi kwa mzee kumwambia aliuliza shimo lilikuwa refu kiasi gani, basi.

Sasa lawama. Mzee hayuko kila siku, na akiwa hayupo anamwacha kijana ambaye anauza kama wale wengine tu, unataja ugonjwa anataja chupa. Nlimsikia kwa masikio yangu akimwuzia mzee wa watu antibiotiki ya mafua ya kuku bila swali hata moja. Simu ya duka haishikwi. Ijumaa wanafunga kabla ya saa sita na usitegemee wafungue mpaka saa tisa. Bei ya chiki mashi iko juu kidogo kuliko madukani mengine, mimi chakula nanunua kwengine.

Chanjo lakini nendeni hapo. Friji ni ya ukweli, anakupa na barafu ya kubebea, na anakuuliza utafika nyumbani saa ngapi kabla hajakuuzia. Ya Gumboro na ya Newcastle, magonjwa ya virusi ya kuku, chupa ni za dozi 100, sisi majirani watatu tunachangia chupa moja na tunachanja asubuhi moja, manake ikishachanganywa masaa mawili matatu imekwisha kazi. Maji ya mfereji yenye klorini anakwambia utie maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwanza. Gumboro yenyewe ikiingia haina dawa, ni kuwapa maji, joto na kungoja, kwa hivyo hapo msifanye ubahili.

Nendeni asubuhi, saa mbili hadi saa nne ndo mzee huwa yuko. Na kopo liwe na kifuniko.