Mashine ya kupimia sukari: ipi ununue ukiwa Tanga

Kabla hujauliza bei ya mashine, uliza bei ya stripu, vile vijikaratasi vigumu vinavyochomekwa kwenye mashine na kuguswa kwa tone la damu. Mashine unainunua mara moja, stripu utazinunua mwaka nenda mwaka rudi. Anayepima mara mbili kwa siku humaliza kopo la stripu 50 kwa siku 25. Tena stripu haziazimani: za Accu-Chek hazifanyi kazi kwenye mashine ya OneTouch. Zunguka kwanza maduka matatu manne ya dawa pale Ngamiani, uone zipi zimejaa rafuni na zinaisha muda lini. Mama yangu aliletewa mashine nzuri na ndugu kutoka ng'ambo. Kopo lilipoisha, nilizunguka mji mzima sikupata jingine. Ipo kabatini hadi leo.

Namba moja kwangu ni mashine ya kawaida ya kutoboa kidole, isiyodai uiingizie namba ya stripu kila ukifungua kopo jipya, na inayosoma kwa kipimo cha mmol/L kama kliniki zetu. Ikikuandikia 126 usishtuke, hiyo ni kwa kipimo kingine, mg/dL: gawa kwa 18, utapata 7. Tafuta pia alama ya ISO 15197, kiwango cha kimataifa cha ubora wa mashine hizi, kwenye boksi. Toleo la 2013 linataka, sukari ikiwa 5.6 au zaidi, angalau majibu 95 kati ya 100 yasiachane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15. Kwa hiyo 8.0 na 8.7 asubuhi moja zisikukoseshe raha.

Namba mbili ni ileile yenye bluetooth, kama Contour Plus One. Majibu yanaingia yenyewe kwenye simu. Inafaa kama mzee yuko Pangani nawe uko Dar. Asiyependa simu, daftari linamtosha.

Namba tatu ni sensa ya kubandika nyuma ya mkono, FreeStyle Libre. Inasoma majimaji ya chini ya ngozi, hivyo huchelewa dakika chache nyuma ya damu. Kila moja hukaa wiki mbili hivi, yaani kama 26 kwa mwaka, na hapo ndipo mfuko unapolia. Ila kwa mtoto anayechoma insulini, ambaye sukari humshuka usiku, ningejibana niinunue.

Saa na pete zinazodai kupima bila kutoboa, usinunue. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisema haijaidhinisha hata moja.

Kopo la stripu lifunge papo hapo, unyevu wetu wa pwani unaziharibu. Nyingi hazitaki joto la kupita nyuzi 30, basi zisikae dirishani wala kwenye gari.

Na nawa mikono. Siku moja mama alisoma 14.8. "Mwanangu, mie nimekula nini leo?" Vidole vyake vilinukia machungwa ya Muheza, alikuwa akiwamenyea wajukuu. Akanawa kwa sabuni, akajifuta hadi mikono ikakauka, tukatoboa kidole kingine: 8.1.