Boti ya Miaka 18 Iliyotembea Saa 160: Tathmini Baada ya Ukaguzi

Boti niliyoinunua ni ya faiba, ina urefu wa mita 6, na imefungwa shetrini, yaani upande wa nyuma, injini moja ya petroli ya mipigo minne. Muuzaji aliinadi kwa sifa moja kuu, kwamba katika miaka 18 injini imefanya kazi kwa saa 160 tu. Hiyo ni chini ya saa 9 kwa mwaka, na ndiyo iliyonitia wasiwasi, kwa kuwa injini nyingi za aina hii hutakiwa kufanyiwa huduma kila saa 100 au kila mwaka, lolote litakalotangulia, na mwenye kuhesabu saa pekee huiacha miaka ipite.

Wasiwasi huo ulikuwa na msingi. Fundi aliposhusha mguu wa injini na kuitoa feni ndogo ya mpira inayovuta maji ya kupozea, mapezi yake yalikuwa yamelala upande mmoja na hayakuinuka tena. Moja alilikunja kwa kidole gumba likapasuka kwenye shina. Mpira ukibanwa mahali pamoja kwa muda mrefu hushika umbo hilo, na kipande kikikatika huweza kuziba njia ya maji hadi injini ikaungua. Mipira ya mafuta nayo ilikuwa na nyufa, na petroli ya tangini ilikuwa imegeuka rangi na kunuka vanishi, hivyo tuliimwaga yote.

Oili ya gia ilitoka safi, bila weupe kama wa maziwa unaoonyesha kwamba maji yameingia, na mgandamizo wa hewa ndani ya silinda zote nne ulikaribiana. Hapo niliridhika.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni ubao uliomo ndani ya faiba ya shetri, ambao ndio unaobeba injini, kwani ukioza matengenezo yake ni makubwa kuliko ya injini yenyewe. Tuliugonga kwa mpini wa bisibisi inchi kwa inchi. Mlio ulikuwa mkavu kila mahali isipokuwa pembeni mwa skrubu moja ya kipima kina, ambayo ilipofunguliwa ilitoka na unga wa mbao wenye unyevu. Nilikataa kulipa mpaka sehemu hiyo ichimbwe, ikaushwe na kuzibwa upya mbele ya fundi wangu, na namshukuru muuzaji kwa kukubali.

Siku ya majaribio nilikuta injini imeshapashwa moto, nikaomba turudi kesho yake, kwa sababu tabu ya kuwaka huonekana injini ikiwa baridi. Iliwaka kwenye jaribio la pili, na kwa mwendo wa juu kabisa ilifikisha mizunguko kwa dakika iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Boti yenyewe naisifu bila kusita: faiba haina malengelenge, usukani ni mwepesi, na pampu ya ngama, yaani ya kutoa maji yanayokusanyika chini ya boti kwa ndani, ilifanya kazi papo hapo tulipomimina ndoo mbili za maji.