Tathmini: Kuigawia konsoli ya michezo intaneti ya laptopu kwa kebo

Ndani ya Windows mna uwezo ambao wenye konsoli wengi hawautumii: laptopu iliyoungana na Wi-Fi inaweza kuipatia konsoli intaneti kupitia kebo ya mtandao, bila kununua kifaa kingine zaidi ya kebo yenyewe. Uwezo huu umekuwemo tangu toleo la pili la Windows 98, lililotoka mwaka 1999, na ulizifaa sana konsoli zisizokuwa na Wi-Fi ya ndani, kama Xbox 360 za kabla ya 2010.

Kuuwasha si kazi kubwa. Katika orodha ya miunganisho ya mtandao, fungua sifa za Wi-Fi, wala si za kebo, kwa sababu kinachogawiwa ni muunganisho wenye intaneti. Kisha ruhusu watumiaji wengine na uchague mlango wa kebo. Hapo laptopu hujipa anwani ya mtandao (IP) 192.168.137.1 na kuanza kuipangia konsoli anwani yake, kwa hiyo mipangilio ya konsoli iachwe ijipange yenyewe. Ukiona konsoli ina anwani inayoanza na 169.254, ujue haijapangiwa kitu. Zima ugawaji, kisha uuwashe upya.

Ubora wake huonekana hasa kwenye mitandao ya hoteli na mabweni, inayodai uingie kwanza kwa kujaza ukurasa wa wavuti, jambo ambalo konsoli hulimudu kwa shida. Laptopu ikishaingia, konsoli hupita nyuma yake bila kuulizwa lolote. Naipendelea kebo kuliko hotspoti ya laptopu, ambayo mara nyingi huilazimu redio moja kupokea na kutuma kwa zamu, na kasi ikapungua.

Kasoro kubwa ni kwamba anwani hubadilishwa mara mbili, kwenye laptopu na kwenye ruta. Kupakua michezo hakuathiriki, lakini PlayStation inaweza kuonyesha NAT (yaani huko kubadilishwa kwa anwani) ya aina ya 3, iliyo ngumu zaidi kuunganika na wachezaji wengine, na mazungumzo ya sauti au kuwa mwenyeji wa mchezo vikagoma. Anayecheza mashindano avute kebo kutoka kwenye ruta moja kwa moja. Wengine wahakikishe tu kwamba laptopu haiwekwi kulala mfuniko unapofungwa, kwani ikilala, upakuaji wa konsoli nao husimama.