Morrowind kwa mchezaji anayependa kuhoji masimulizi: uzoefu wangu

Nimeucheza Morrowind kuliko mchezo mwingine wowote wa kompyuta, na sehemu kubwa ya muda huo nimeitumia kubishana na mashabiki wenzangu juu ya swali ambalo mchezo wenyewe haulijibu moja kwa moja: ni nani aliyemuua Nerevar? Tathmini hii, kwa hiyo, itagusia michoro na mapigano kwa kupita tu. Ninawaandikia wale wanaotaka kujua kama mchezo wa mwaka 2002 bado unafaa kwa mtu anayesoma kila kitabu anachokikuta rafuni, anayelinganisha tarehe, na anayekosa raha pale masimulizi mawili yanapopingana.

Kwa asiyeufahamu, huu ni mchezo wa tatu mkuu katika mfululizo wa The Elder Scrolls. Mchezaji hufikishwa akiwa mfungwa katika kisiwa cha Vvardenfell, nchi ya Wadunmer, yaani watu wa jamii ya elf wa giza, ambako Vivec, Almalexia na Sotha Sil huabudiwa kama miungu walio hai. Baadaye huambiwa kwamba huenda yeye ni Nerevar aliyezaliwa upya, yule jemadari aliyewaongoza Wachimer, mababu wa Wadunmer, katika Vita vya Mlima Mwekundu mnamo mwaka wa 700 wa Enzi ya Kwanza. Hapo ndipo utamu unapoanza, kwa sababu kila unayemuuliza jinsi jemadari huyo alivyokufa anakupa habari yake.

Hekalu, yaani dini rasmi inayowaabudu hao watatu, linafundisha kwamba alikufa kwa majeraha ya vita. Vivec naye anasimulia karibu hivyo hivyo, ila anakiri kwamba Nerevar aliwaapisha wasizitumie zana za Kagrenac, fundi wa Wadwemer waliopigana nao vitani, kujichotea uungu kutoka katika Moyo wa Lorkhan, moyo wa mungu wa kale, na kwamba baadaye kiapo hicho kilivunjwa. Wahamaji wa nyika za majivu wanakataa katakata. Kwao, Nerevar aliuawa na washauri wake hao hao watatu: Almalexia kwa mishumaa yenye sumu, Sotha Sil kwa mavazi yenye sumu, na Vivec kwa dua zenye sumu. Habari hiyo wanasema waliipokea kutoka kwa Alandro Sul, mbeba ngao wa Nerevar, aliyekwenda kuishi miongoni mwao.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na ubora wa Morrowind ni kwamba waamba ngoma hao unaweza kuwafuata walipo. Unaweza kusimama mbele ya Vivec katika kasri lake na kumuuliza, huku ukijua kwamba wahamaji wakithibitika kusema kweli, yeye si mungu bali ni mwizi wa uungu. Unaweza kurudi kwa wahamaji ukikumbuka kwamba Hekalu limewaonea kwa muda mrefu, na kwamba wana kila sababu ya kulichukia. Unaweza hata kushuka katika mapango yaliyo chini ya Tel Fyr na kumkuta Yagrum Bagarn, Mdwemer pekee aliyesalia, akiwa mgonjwa na akibebwa na miguu ya mashine, ukidhani kwamba hatimaye umempata shahidi wa jinsi kabila lake zima lilivyotoweka vitani. Anakueleza kwamba siku hiyo hakuwepo. Alikuwa katika ulimwengu mwingine, na aliporudi hakukuta mtu. Nilipoufikia mkutano huo kwa mara ya kwanza nilibaki nikiitazama skrini kwa muda, kwani mchezo mwingine wowote ungemtumia mzee huyo kufunga mjadala.

Kisha kuna Masomo 36 ya Vivec, vitabu alivyoviandika mwenyewe, vilivyotawanywa kisiwa kizima, vilivyoandikwa kwa mafumbo mazito kiasi kwamba wachezaji wengi huvifungua ili kuongeza ujuzi wa mhusika wao tu, kisha huvifunga. Somo la 29 lina orodha ya namba. Ukiichukua kila namba kuwa nafasi ya neno katika somo linalohusika, ukayapanga maneno hayo kwa mfuatano, unapata ungamo: Vivec hakuzaliwa mungu, aliichagua njia yake kwa hiari, aliiba uungu na akamuua jemadari. Aidha, herufi za kwanza za aya za Somo la 36, katika Kiingereza cha mchezo, zinataja mauaji maovu. Wapo mashabiki wanaosema kwamba ungamo hilo halina uzito, kwa kuwa limeandikwa na mshairi yule yule anayejisifu kwa kusema uongo. Sikubaliani nao. Vivec hadharani ana kiti cha enzi cha kulinda, lakini katika fumbo ambalo karibu hakuna mwamini wake atakayelifumbua hana anachokilinda, na mtu hudanganya pale anapotarajia faida. Ninakiri kwamba hoja yao ina nguvu katika jambo moja, kwamba majivuno nayo ni faida, na Vivec anayo tele.

Mgongano wa namna hii ndio ninaoulipia fedha yangu. Una wenyewe, una sababu, na mchezaji mwenye subira hupata ushahidi wa kuupima. Upo mgongano wa namna nyingine katika mfululizo huu, ambao hauna msimulizi yeyote nyuma yake isipokuwa watengenezaji waliobadilisha mawazo kati ya mchezo mmoja na mwingine, na ninadhani sisi mashabiki tunakosea tunapouheshimu sawa na ule wa kwanza.

Mfano unaojulikana sana ni misitu ya Cyrodiil, jimbo la katikati ya Dola. Kijitabu kilichoambatana na Redguard, mchezo mwingine wa mfululizo huu, mwaka 1998 kiliieleza nchi hiyo kuwa ya misitu minene ya kitropiki. Mchezo mkuu wa nne, Oblivion, ulipotoka mwaka 2006, tulikuta nyanda za majani na misitu ya nchi zenye baridi ya wastani. Maelezo yaliyokubaliwa na mashabiki wengi yakawa kwamba Tiber Septim, mfalme mwanzilishi wa Dola, baada ya kuwa mungu, aliibadilisha nchi hiyo kwa uwezo wake, na kweli katika Skyrim, mchezo mkuu wa tano, yupo kuhani mjini Whiterun anayehubiri maneno yanayoelekea huko. Lakini The Elder Scrolls Online, uliotoka mwaka 2014, unahusu Enzi ya Pili, kabla Tiber Septim hajazaliwa, na Cyrodiil humo tayari haina misitu ya kitropiki. Kitabu kimojawapo humo kinadai kwamba habari nzima ilitokana na kosa la mnakili. Maelezo mawili yanayoangamizana kwa ajili ya ramani moja! Ningeridhika zaidi kama tungesema tu kwamba nchi ilichorwa upya.

Wengine hukimbilia Kuvunjika kwa Joka, yaani kipindi ambacho wakati wenyewe hukatika na mambo yanayopingana yakatokea yote pamoja. Wazo hilo lina heshima yake. Daggerfall, mchezo mkuu wa pili, wa mwaka 1996, ulikuwa na miisho kadhaa isiyoweza kupatana, na badala ya kuchagua mmoja, watengenezaji waliamua kwamba yote ilitokea, katika siku chache za mwaka wa 417 wa Enzi ya Tatu ambazo Dola inaziita Muujiza wa Amani. Mataifa mengi madogo ya Ghuba ya Iliac, eneo la mchezo huo, yakageuka kuwa manne, na hakuna aliyeweza kueleza vipi. Hapo ajabu hiyo ina chanzo, yaani jitu la shaba Numidium, na ina matokeo yanayoendelea kuonekana. Ikitumiwa kuziba kila tarehe isiyolingana na kila mti uliohamishwa, inaua mjadala, kwa maana jibu linalofaa kwa kila swali halijibu lolote.

Kuhusu mambo ya kawaida ya mchezo nitasema machache. Mapigano yamezeeka: upanga unaonekana umempata adui ilhali hesabu za ndani zimeamua kwamba umekosa, na mwanzoni jambo hilo linachosha sana. Hakuna mshale wa kukuonyesha njia. Unasoma maelekezo daftarini na kutafuta njiapanda mwenyewe, jambo ambalo kwangu ni sifa. Nyongeza ya Tribunal iliwezesha kupanga daftari hilo kwa kufuata kazi, na bila hiyo utapotea katika kurasa zako mwenyewe.

Ukiamua kuununua, usiende kwa Vivec haraka. Simulizi kuu itakupeleka kwanza Holamayan, kwa makasisi waasi wanaohifadhi maandishi ambayo Hekalu limeyapiga marufuku. Wachezaji wengi huchukua unabii waliotumwa kuutafuta na kuondoka mara moja. Baki pale, fungua rafu zote, na usome orodha ya yale ambayo makasisi hao wanayatilia shaka, kwa sababu Vivec ana sauti ya upole na yenye kushawishi, na ukimsikiliza kabla ya kuyajua mashtaka yanayomkabili utakuwa umempa nafasi ya kujitetea mbele ya hakimu asiyejua kesi.