Vibwengo wa Nyanda za Juu: Tathmini ya Riwaya ya Outlander

Riwaya ya Outlander ya Diana Gabaldon, iliyotoka mwaka 1991 na ambayo nchini Uingereza iliuzwa kwanza kwa jina la Cross Stitch, ni kitabu ambacho wasomaji wake hawajakubaliana hata kuhusu rafu kinapostahili kuwekwa. Muuza vitabu mmoja atakuonyesha penye riwaya za mapenzi, naye ana hoja, kwa kuwa chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani ndicho kilichoitunuku. Mwingine atakupeleka penye riwaya za kihistoria, na wa tatu penye hadithi za ajabu. Sisi tulikuwa wanne tuliokisoma na kukutana kila baada ya majuma mawili kukijadili, na tulivutana zaidi juu ya mambo mawili: ndoa ya wahusika wakuu, na uzito wa imani za jadi ndani ya kisa. Mwishowe nilianza kushuku kwamba tulikuwa tukibishania jambo moja. Kitabu hiki kina nguvu kubwa pale imani za watu wa Nyanda za Juu za Uskoti zinapokuwa sheria inayomdai mtu kitu, na kinalegea pale zinapokuwa pambo la mandhari.

Kisa kinaanza mwaka 1945. Claire Randall, muuguzi Mwingereza aliyehudumia majeruhi wa vita, yuko Inverness na mumewe Frank, mwanahistoria, wakijaribu kuzoeana upya baada ya miaka ya kutengana. Frank anachimbua nasaba yake, na hasa habari za babu yake wa kale, Kapteni Jonathan Randall wa kikosi cha askari wa farasi; Claire anajishughulisha na mimea. Alfajiri ya sikukuu ya Beltane, inayoangukia mwanzoni mwa Mei, wanajificha na kuwatazama wanawake wa mji, akiwamo mtunza nyumba wa kasisi, wakicheza ngoma ya kale ndani ya duara la mawe marefu yaliyosimikwa kwenye kilima cha Craigh na Dun. Claire anarudi huko peke yake kutafuta mmea aliokuwa ameuona, anasikia jiwe likivuma, na anapozinduka ni mwaka 1743. Bado miaka mitatu vifike vita vya Culloden, ambapo tarehe 16 Aprili 1746 jeshi la waliotaka kuurudisha ukoo wa kifalme wa Stuart kwenye kiti cha enzi lilivunjwa kwa muda usiozidi saa moja. Yeye analijua hilo. Wenyeji wake hawalijui. Wa kwanza kukutana naye ni yule Kapteni Randall, mwenye sura ya mumewe na ukatili usio na kifani, na wanaomnusuru ni watu wa ukoo wa MacKenzie, ambao miongoni mwao yumo kijana mwenye bega lililoteguka, Jamie Fraser.

Kilima cha Craigh na Dun hakimo kwenye ramani yoyote, ingawa watalii hukiulizia, na wengi huishia Clava, karibu na uwanja wa Culloden, penye makaburi ya mawe ya miaka ipatayo 4,000. Mwandishi mwenyewe ni Mmarekani wa Arizona, msomi wa ikolojia, aliyeanza kuandika mwaka 1988 kabla hajakanyaga Uskoti, akitegemea maktaba. Nilipolijua jambo hili nilitarajia kuona ngano zikiwa zimebandikwa juujuu. Kwa sehemu kubwa nilikosea.

Ili kulielewa hilo ni lazima kujua kidogo imani yenyewe. Katika ngano za Uskoti wapo watu wa vilimani, ambao kwa kukosa neno lililo karibu zaidi nitawaita vibwengo, japokuwa si wadogo wala si wa kuchekesha. Wagaeli, yaani watu wa Nyanda za Juu wanaosema Kigaeli, waliwaita watu wa amani, na Waskoti wa nyanda za chini waliwaita majirani wema, si kwa kuwapenda bali kwa kuogopa kuwataja; bibi yangu naye hakuwahi kutamka neno jini baada ya magharibi, alisema tu "wenyewe". Anayeingia kilimani mwao huona usiku mmoja umepita, kumbe nje imepita miaka. Thomas wa Erceldoune, mtunga mashairi wa karne ya 13, anasimuliwa kuwa alikaa miaka 7 kwa malkia wao chini ya vilima vya Eildon. Robert Kirk, kasisi wa Aberfoyle aliyeandika habari zao kwa makini ya mtaalamu, alifariki mwaka 1692, na watu wa kijiji chake walishikilia kwamba hakufa bali alichukuliwa.

Gabaldon ameichukua kanuni hiyo na kuigeuza kiini cha safari ya Claire, kisha akafanya jambo la busara: hakuieleza kisayansi. Ufafanuzi pekee anaoupata Claire unatoka kwa manju. Katika ukumbi wa ngome ya Leoch, mwimbaji kutoka Wales anapiga kinubi na kuimba kwa Kigaeli kisa cha mwanamke aliyepitia kwenye mawe ya kilima cha vibwengo, akaishi ugenini, na baadaye akarudi kwa watu wake. Jamie amekaa kando ya Claire akimtafsiria sentensi baada ya sentensi, bila kujua kwamba kwa mwanamke huyu anatafsiri habari za maisha yake mwenyewe na pengine ramani ya njia ya kurudi nyumbani. Sijui mwandishi mwingine wa mapenzi aliyeitumia hadithi ndani ya hadithi kwa ustadi wa namna hii. Watu wote ukumbini wanasikia ngano ya zamani, na mmoja tu anasikia habari. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa fasihi simulizi, alisema kwamba ukurasa huo peke yake ungetosha kumfundishia mwanafunzi kwa nini hadhira mbili haziusikii utendi mmoja kwa namna moja.

Hata hivyo, tukio lililotuweka kimya lilikuwa lile la mtoto kilimani. Claire anachuma dawa porini pamoja na Geillis Duncan, mke wa mwendesha mashtaka wa kijiji cha jirani, wanaposikia kilio cha mtoto mchanga. Geillis anamzuia asiende. Mtoto huyo, anaeleza, si wa binadamu. Vibwengo wameiba mtoto halali wa watu na kuacha wa kwao, mnyonge asiyenenepa, na wazazi wamemrudisha kilimani usiku kucha ili wenyewe waje kubadilisha. Claire haambiliki. Anapanda kwenda kumtafuta, lakini mtoto hawezi tena kuokolewa. Mwenzetu muuguzi aliona hapo uzembe wa kuua, akataja maradhi mawili matatu ambayo yangeweza kumdhoofisha mtoto kiasi kile, na hakutaka kusikia neno zaidi. Mimi niliona pia wazazi ambao wangepaswa kuamini ama kwamba wamemtupa mtoto wao afe kwenye umande, ama kwamba mtoto wao halisi yuko salama kilimani akicheza na hatazeeka. Riwaya haimwambii msomaji achague. Inafanya jambo zito zaidi: inamfanya Claire alipie. Anaposhtakiwa baadaye kwa uchawi, wazazi wa mtoto yule wanakuja kutoa ushahidi dhidi yake, kwa kuwa machoni pao yeye ndiye aliyewavurugia vibwengo wasimrudishe mtoto wao. Huruma ya muuguzi wa karne ya 20 inasomwa kama jinai katika karne ya 18, na aliyeisoma hivyo si mjinga wala si mwovu. Ni mama aliyefiwa.

Kesi hiyo ya uchawi ndipo wapenzi wa historia wanapomkaba mwandishi, na wana haki. Sheria ya Uskoti ya mwaka 1563 iliyowahukumu wachawi kifo ilikuwa imekwisha kufutwa kufikia mwaka 1736, kwa hiyo hukumu ya kuchomwa moto mwaka 1743 haikuwa na msingi wowote wa kisheria. Utetezi uliotolewa mezani petu ulikuwa kwamba ghadhabu ya kijiji haingoji Bunge, nami naukubali nusu. Umati ungeweza kumdhuru mtu, lakini mwandishi ametaka pia wahukumu, mashahidi na wakili, yaani ametaka mahakama kamili kwa kosa ambalo halikuwamo tena vitabuni. Kuhusu jina la Geillis Duncan hakuna bahati nasibu: lilikuwa la kijakazi wa Tranent aliyekamatwa mwaka 1590 mwanzoni mwa kesi kubwa za wachawi wa North Berwick. Mhusika wa riwaya analibeba jina hilo kwa makusudi, na anayelifahamu atakaa akimtazama kwa jicho la pembeni tangu anapotokea.

Sehemu dhaifu kuliko zote kwa upande wa ngano ni ile ya ziwa Ness. Claire anaona mnyama mkubwa akiibuka majini, na mtu wa msafara aliyeshuhudia anatetemeka akimwita farasi wa maji, kiumbe ambaye katika ngano za Kigaeli huwabeba watu mgongoni na kuzama nao. Msomaji wa pwani aliyeonywa utotoni juu ya chunusi angetarajia hatari. Haipo. Mnyama anatazamwa, anazama, na kisa kinaendelea kama kwamba mwandishi ameona aibu kupita ziwa hilo bila kumsalimia mkazi wake mashuhuri, yule dubwana anayesemekana kuishi humo.

Sasa ile ndoa. Claire anaolewa na Jamie ili asikabidhiwe kwa Kapteni Randall, kwa sababu mke wa Mskoti hawezi kuchukuliwa kirahisi, na mapenzi yanafuata baada ya kiapo badala ya kukitangulia. Utaratibu huo wasomaji wengi wa kwetu hawataushangaa. Wanaoshangaa, na wanaokitupa kitabu, hufika pale ambapo Jamie anamchapa mkewe kwa mkanda kwa kosa la kutotii lililohatarisha maisha ya wenzake. Wapo wanaosema kwamba huo ndio ukweli wa zama zile. Wapo wanaojibu kwamba mwandishi angeweza kuuonyesha ukweli huo bila mzaha aliouchanganya nao. Niko na hawa wa pili. Sina tatizo na Jamie kuamini anachokiamini, kwa sababu ni mtu wa sheria ya kwao kama wale wazazi wa kilimani. Tatizo langu ni kwamba katika kisa cha mtoto sheria ya kale iliacha jeraha lililorudi kudai haki mahakamani, ilhali hapa mwandishi anaharakisha upatanisho na kutuomba tucheke. Hapo riwaya inasahau kanuni yake yenyewe.

Theluthi ya mwisho inageuka kuwa kitabu kingine. Vibwengo wanatoweka kabisa, na tunaingia katika gereza la Wentworth, penye mateso na ubakaji vinavyosimuliwa kwa kina kisichoruka kitu. Ni Jamie anayetendewa hayo, si Claire. Baadhi ya wasomaji husifu ujasiri wa kuonyesha mwanamume akiwa mwathirika na kupona kwa shida, na ni kweli kwamba uponaji wenyewe, katika monasteri nchini Ufaransa, haukufanywa mwepesi. Wengine hulalamika kwamba mwovu mkuu wa kitabu amechorwa kwa namna inayofungamanisha ukatili na tamaa ya mwanamume kwa wanaume, na lalamiko hilo sikuweza kulijibu. Mmoja wetu aliacha kusoma hapo na akaombwa na wenzake asione haya. Anayenunua kitabu hiki kwa ajili ya binti au kijana wa shule na ajue yaliyomo.

Machache ya manufaa kwa anayekitafuta. Ni kitabu kinene, na nakala za jalada jepesi zina maandishi madogo yanayochosha macho usiku. Toleo la kusikiliza linazidi saa 30. Kiingereza chake ni chepesi katika usimulizi wa Claire, lakini mazungumzo yamejaa maneno ya Kiskoti na ya Kigaeli ambayo kamusi ya kawaida haitakusaidia kuyafumbua yote. Neno Sassenach, ambalo Jamie humwitia Claire, maana yake ni Mwingereza, na mwanzoni lina ubaridi wa kumtenga mgeni. Kurasa 200 baadaye limekuwa neno la faragha la mapenzi. Anayejua jinsi "mzungu" linavyoweza kutamkwa kwa kebehi na kwa upendo siku moja hiyohiyo hatahitaji maelezo. Kuhusu tiba, mwenzetu muuguzi alilipitia tukio la kurudisha bega kwa ukali wa mtahini na kulipasisha.

Jambo moja la kingano mwandishi ameliacha wazi. Usiku mmoja wa mvua, mwanzoni kabisa mwa kitabu, Frank anamwona mwanamume mwenye mavazi ya Nyanda za Juu amesimama barabarani akimtazama Claire dirishani, na anapomkaribia mtu huyo anatoweka bila kulowa wala kuacha mlio wa hatua. Juzuu ya kwanza inafungwa bila kumweleza, na hata katika juzuu ya tisa, iliyotoka mwaka 2021, bado hajaelezwa. Mwenzetu muuguzi, ambaye kwa miezi miwili alitukumbusha kwamba haamini hata moja katika mambo haya, ameazima juzuu ya pili ili amjue mtu huyo ni nani.