TAHADHARI: Usimtumie mtu kabureta nzima eti "akutambulie vipuri"

Mafundi wenzangu wa hapa Kigoma, wa Mwanga, Gungu na Ujiji, na ninyi wa Kasulu na Kibondo, someni hii kabla hamjapeleka kifurushi stendi. Kuna muuzaji wa spea mtandaoni anayejinadi kuwa bingwa wa kabureta za pikipiki za zamani. Mimi nimeshapigwa. Na kilichoondoka hakikuwa changu, kilikuwa cha mteja, ndiyo maana kinaniuma mpaka leo.

Pikipiki yenyewe ni Honda XL 125 ya mzee mmoja, bwana shamba mstaafu. Aliileta ikiwa haikai sailensi (ukiachia mafuta inazima), inavuja mafuta kwa chini, na asubuhi haiwaki mpaka mtu atokwe na jasho kwa kiki. Nikafungua kabureta, nikakuta Keihin ya Kijapani ambayo hajawahi kuigusa mtu wa hovyo. Sindano ya floti, ile inayofunga mafuta bakuli likijaa, ilikuwa imelika, ncha imechora kapete kembamba unakoweza kukasikia kwa ukucha. Oringi, vile vipete vya mpira, zimekauka, na slow jeti, kijitundu cha mafuta ya sailensi, imeziba. Hapo dawa ni seti ya ripea tu. Sasa seti ya XL hapa mjini utaitafuta mpaka viatu viishe; maduka yamejaa vitu vya Boxer na TVS, na sisi wa mwisho wa reli tumezoea kuambiwa "agiza Dar".

Ndipo nikamwona huyu bwana. Picha zake nzuri, jeti zimepangwa juu ya kitambaa cheupe kama hereni za sonara. Nikampigia. Akaniambia, "Kaka, kabureta za zamani zinafanana sana, ukiagiza kwa jina la pikipiki lazima ukosee. Nitumie kabureta yenyewe, nisome namba, nikufungie vipuri vyake halisi, nikurudishie ikiwa imeshasetiwa." Uchunguzi sh. 20,000, vipuri sh. 45,000. Nikatuma hela kwa simu, nikaifunga kabureta kwenye boksi la sabuni, ikapanda basi.

Anachosema kina ukweli ndani yake, ndipo mtego ulipo. Kweli zinafanana, na kweli jina la pikipiki halitoshi. Lakini namba anazodai kuzisoma yeye, hata wewe unazisoma, ukiwa na mswaki wa zamani, petroli kidogo na tochi ya simu.

Zilipita siku tisa, kabureta ikarudi inang'aa. Mzee alipoiona akacheka, "Fundi, hii imetoka saluni." Mimi sikucheka. Ile boli ya kumwagia mafuta chini ya bakuli niliikuta kichwa kimeviringika, nikaikata mfereji kwa msumeno wa chuma ili bisibisi bapa ishike. Iliyorudi ilikuwa na kichwa kizima, kipya. Nikaigeuza ubavu. Palipokuwa na herufi PD na tarakimu zake sasa pamesimama PZ26. Hiyo ni kabureta ya Kichina, ya zile pikipiki za mtindo wa CG 125, unaipata hata hapa Mwanga bila kusumbua basi. Ya mzee imebaki kule.

Nikapiga simu. Jibu: "Fundi, hiyo ndiyo uliyonitumia." Picha niliyokuwa nayo ni moja, ya boksi limefungwa gundi. Baada ya hapo akanizuia.

Ndani ya boksi alikuwa ameweka na mfuko wa "vipuri halisi vya akiba", nadhani ili nione thamani ya hela yangu. Nikaamua kuukagua mmojammoja, na haya ndiyo nataka myashike.

Lebo iliandikwa Honda, namba yake inaanza na 16100. Mwenye kujua angecheka. Kwa Honda, tarakimu tano za kwanza zinataja kitu chenyewe, na fungu la katikati linataja pikipiki. 16100 ni kabureta nzima. Haiwezi kuwa lebo ya mfuko wa jeti na oringi. Main jeti za Keihin, zile za kupitisha mafuta ukivuta sana, kwenye vitabu vya Honda huanza na 99101. Aliyechapa lebo ile aliokota namba yoyote iliyomjia. Muuzaji akikupa namba, isome kwanza inasema nini kabla ya kufurahia kwamba ipo.

Main jeti ilikuwa imegongwa 100, sawasawa na ile ya zamani niliyokuwa nimeitoa na kubaki nayo (bahati yangu pekee katika kisa hiki). Keihin huhesabu tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 100 ni milimita 1.00. Nikaenda kwa jirani yangu fundi redio, ana drili ndogondogo za kutobolea bodi. Nikatumia upande wa shina, ule usio na makali, maana makali yanakwangua shaba na ukishakwangua jeti umeiua. Jeti ya zamani: shina la 1.1 likakataa katakata. Jeti mpya: la 1.1 likapita na kuchezacheza. Mnaweza kuona 0.1 ni kitu kidogo, ila eneo la tundu la 1.1 ni kubwa kwa asilimia 21 kuliko la 1.0. Hiyo ndiyo pikipiki inayotoa moshi mweusi, plagi inakuwa masizi, na mwenye bodaboda anakulaumu kwamba umemwibia mafuta.

Slow jeti nayo: ya zamani ilikuwa na vitundu vya ubavuni, ndivyo vinavyochanganya hewa na mafuta kabla hayajafika njiani. Mpya ubavu wake ni laini kama msumari. Inaingia, inakaza, unaweza kuisifu kabisa, na pikipiki isikae sailensi maisha yake yote.

Oringi nilizilaza kwenye kifuniko chenye petroli usiku kucha. Asubuhi zilikuwa zimevimba, hata ile ya skrubu ya hewa haikurudi kwenye nafasi yake. Kwenye skrubu hiyo, kwa wanaoanza, kumbukeni mpango: springi, washa, kisha oringi ndani kabisa. Nimefungua nyingi ambazo oringi imewekwa nyuma ya springi, na nyingi nyingine mtu ameacha ya zamani shimoni akaongeza mpya juu yake.

Nilipolalamika kwa mafundi nikajua siko peke yangu. Mwenzetu wa Kasulu alituma kabureta ya Yamaha DT 125, aina ya Mikuni. Yeye alichorudishiwa ni mwili uleule wa kabureta yake ila matumbo yamebadilishwa. Jeti za Mikuni halisi zina kialama cha mraba ndani ya mraba. Zilizorudi hazina kitu. Sindano ya slaidi, ile inayopanda na kushuka ukivuta mafuta, ilikuwa na maandishi yanayoanza na 5, imerudi kipara. Kwa Mikuni hiyo tarakimu ya kwanza si pambo: 5 maana yake urefu ni kati ya milimita 50 na 60, na herufi inayofuata inaeleza ncha inavyochongoka. Sindano isiyo na maandishi huwezi kujua umefunga nini. Na msije mkabadilishana jeti za Keihin na Mikuni kwa kufuata namba tu, vipimo vyao havifanani. 100 ya huyu si 100 ya yule.

Mkimkuta mtamjua kwa mambo haya: hataki picha, anataka kitu chenyewe, ukimwomba apige picha ya jeti karibu, namba ionekane, mtandao wake unakuwa mbovu ghafla, na pesa anataka zote kabla, kwa namba yenye jina tofauti na analojiita. Jina na namba siziweki hapa, RB nimeshachukua polisi, na namba ya simu nimeiripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Aliyepigwa naye afanye hivyo hivyo, malalamiko yakiwa mengi yanasukumana.

Mimi sasa kila kabureta ikifika mezani, kabla ya bisibisi naipiga picha ubavu, bakuli, na kila jeti namba ikiwa juu. Mteja anaona picha hizo, na zinabaki kwenye simu yake pia.

Mzee nimemfungia ile PZ26 kwa muda, na main jeti nikamnunulia dukani baada ya kuipima kwa drili. Inatembea, ila kupanda mlima inakohoa na yeye hasemi kitu, anashukuru tu, jambo linalonifanya nijisikie vibaya zaidi. Kwa hiyo wewe uliyeko Dar au popote: ukiuziwa Keihin ya XL 125, igeuze. Boli ya chini ya bakuli ikiwa na mfereji wa msumeno uliokatwa mshazari kidogo, umeenda upande wa kushoto, hiyo ni ya mzee wangu. Niandikie, nitairudisha hela yako uliyoinunulia.