Bunduki za Kuwindia za Bei Nafuu Nchini Marekani: Ipi Inunuliwe Kwanza na Ipi Iachwe Dukani

Mtu anayeingia katika duka la bunduki nchini Marekani akiwa na takriban dola 500 na nia ya kuwinda kulungu mkia mweupe msimu wa vuli atakuta rafu nzima ya bunduki za komeo (ambazo mpigaji huvuta komeo kwa mkono ili kuingiza kila risasi) zinazofanana kiasi kwamba muuzaji mwenyewe hutaja bei kabla ya kutaja tofauti. Nyingi zina kitako cha plastiki nyeusi na chuma kisichong'arishwa, na si chache huuzwa zikiwa tayari zimefungwa darubini. Mwongozo huu unazipanga kwa kufuata mambo ambayo wamiliki wake huyasifu na kuyalalamikia baada ya misimu kadhaa porini, na unaanza na msimamo ambao huenda ukamshangaza mnunuzi mgeni: katika daraja hili la bei, shabaha si kigezo tena. Kinachozitenganisha ni magazini (kisanduku cha risasi), komeo, kitako na triga.

Shabaha ya bunduki hupimwa kwa upana wa kundi la matundu ambayo risasi kadhaa huacha kwenye karatasi, na kipimo chake ni dakika ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja, ambayo katika umbali wa mita 100 ni sawa na sentimita 2.9 hivi. Eneo la moyo na mapafu la kulungu mkubwa lina upana wa karibu sentimita 20. Kwa hiyo hata bunduki ambayo haiwezi kufanya vizuri zaidi ya dakika mbili itatawanya risasi zake ndani ya sentimita 12 katika mita 200, na wawindaji wengi wa misitu ya mashariki mwa Marekani hawapigi mbali kiasi hicho. Karibu kila bunduki inayotajwa hapa, ikipewa aina ya risasi inayoipenda, hukaribia dakika moja na nusu au hushuka chini yake. Zamani mafundi walitumia saa nyingi kuoanisha mtutu na mwili wa bunduki kwa mkono. Leo mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata vipande vinavyolingana, na baadhi ya viwanda hufunga mtutu kwa nati, mbinu ambayo kampuni ya Savage imeitumia kwa miongo mingi, ili nafasi ya risasi ndani ya chemba irekebishwe upesi na kwa usahihi bila gharama kubwa.

Ushuhuda wa wamiliki kuhusu shabaha unapaswa kusikilizwa kwa tahadhari. Anayeonyesha karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana anaonyesha bunduki nzuri pamoja na bahati, kwa sababu matundu matatu ni machache mno kueleza tabia ya mtutu. Akiendelea hadi matundu kumi kwa shabaha ileile, kundi hupanuka, na huo ndio uwezo halisi wa bunduki yake. Ushuhuda wenye thamani zaidi ni wa yule anayesema kwamba bunduki ilipiga mahali palepale Novemba hii ilipopiga Novemba iliyopita, baada ya kukaa kabatini, kusafirishwa kwenye gari na kunyeshewa mvua.

Nafasi ya kwanza naipa Ruger American. Ilipoingia sokoni mwanzoni mwa muongo wa 2010 iliwashangaza wengi kwa sababu mwili wake hukaa juu ya vitalu viwili vya chuma vilivyozamishwa ndani ya kitako cha plastiki, na mtutu huelea bila kugusa chochote. Utaratibu huo ndio unaofanya sehemu ya kupiga isihamehame hata kitako chenyewe kikiwa chepesi. Nguvu ya kuvuta triga yake hurekebishwa na mwenye bunduki kati ya takriban kilo 1.4 na 2.3, na komeo lake huinuliwa nyuzi 70 tu, hivyo mkono haugongi darubini. Malalamiko yapo, nayo yanarudiarudia: komeo hukwaruza likiwa jipya mpaka litumike kwa muda, na magazini ya plastiki ya toleo la kwanza huhitaji kusukumwa kwa makini ili ishike. Toleo la pili, lililotangazwa mwishoni mwa 2023, limeleta kitako kinachoweza kurefushwa na kuinuliwa sehemu ya shavu, pamoja na kufuli ya usalama yenye hatua tatu, ambayo huruhusu kutoa risasi huku triga ikiwa imefungwa. Anayeweza kuongeza fedha kidogo anunue toleo la pili. Asiyeweza hatapungukiwa na shabaha kwa kuchukua la kwanza, ambalo bado hupatikana likiwa limetumika.

Savage Axis inafuata, lakini kwa sharti moja ambalo sitalilegeza: inunuliwe ile yenye AccuTrigger, ambayo kwa miaka mingi imeuzwa kwa jina la Axis II. Axis ya awali ilikuwa na triga nzito isiyorekebishika, na mpigaji anayeanza, akiivuta kwa nguvu zote za kidole, huusogeza mtutu kabla risasi haijatoka, kisha huilaumu bunduki. AccuTrigger ina ulimi mwembamba katikati ambao ni lazima ubonyezwe kwanza, hivyo triga inaweza kuwa nyepesi bila bunduki kufyatuka inapogongwa. Mtutu wa Axis ni miongoni mwa mitutu bora kwa bei yake, na kichwa cha komeo huchezacheza kidogo kwa makusudi ili kikae sawasawa na mtutu wakati wa kufunga. Udhaifu wake mkubwa ni kitako.

Kitako hicho ni chembamba na kina uwazi ndani, na jambo hili linaweza kuthibitishwa dukani. Chukua noti ya dola moja, ipitishe chini ya mtutu karibu na ncha ya kitako, uivute kuelekea kwenye chemba. Ikipita bila kukwama, mtutu unaelea. Kisha shika ncha ya mbele ya kitako kwa mkono mmoja, uikaze kuelekea juu kama vile bunduki imeegemezwa kwenye ukingo wa kibanda cha kuvizia, na uirudishe noti. Katika vitako vingi vya bei hii, itakwama. Maana yake ni kwamba mwindaji anayepiga akiwa ameegemea gogo atapata sehemu ya kupiga tofauti na ile aliyoirekebisha akiwa amelaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, na wengi wanaodai kwamba bunduki yao imepoteza shabaha huwa na tatizo hili tu. Dawa yake ni kuegemeza kitako karibu na magazini badala ya kwenye ncha, au kununua kitako kigumu zaidi baadaye.

Winchester XPR ningeiweka juu zaidi kama bei yake isingekuwa inakaribia dola 600 katika maduka mengi. Inatengenezwa Viana, Ureno, na komeo lake lenye mipako laini ya nikeli na tefloni huteleza kuliko lolote katika kundi hili, jambo ambalo wamiliki hulitaja kabla ya jingine lolote. Ina kitufe kinachofungua komeo huku kufuli ya usalama ikiwa imewekwa. Anayenunua bunduki moja ya kukaa nayo miaka ishirini na asiyejali tofauti ya dola 100 aanzie hapa.

Mossberg Patriot ni ya nne. Inapendeza machoni, hasa yenye kitako cha mti wa jozi, na triga yake hurekebishwa kwa upana mkubwa, kutoka karibu kilo 0.9 hadi 3.2. Hata hivyo ushuhuda wa wamiliki umegawanyika kuliko wa bunduki nyingine yoyote hapa: mmoja anasifu, jirani yake aliyenunua ileile analalamikia magazini inayolegea au mtutu mwembamba unaotawanya risasi ukipata moto. Mtutu kupata moto si tatizo kwa mwindaji anayepiga risasi moja asubuhi nzima, lakini bunduki inayotegemea bahati ya siku iliyotengenezwa siwezi kuipendekeza kwa mnunuzi wa kwanza. Ikinunuliwa, seti yenye darubini ya Vortex Crossfire II ina manufaa kuliko seti nyingi za bei hiyo.

Remington 783 na Thompson/Center Compass zinunuliwe tu zikiwa zimetumika na kwa bei ya kutupa. Zote mbili hulenga vizuri. Tatizo ni kampuni zilizoziunda: Remington ilifilisika mwaka 2018 na tena 2020, mali zake zikagawanywa kwa wanunuzi mbalimbali, na Smith & Wesson, iliyomiliki Thompson/Center, ilitangaza mwaka 2021 kwamba inaachana nayo. Magazini ikipotea au ikivunjika, mwenye bunduki hujikuta akitafuta vipuri kwa watu binafsi.

Darubini za seti ndizo chanzo cha malalamiko mengi yanayoandikwa kuhusu bunduki zenyewe. Kiwanda kinachouza bunduki na darubini kwa jumla ya dola 450 kimebana gharama mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye kioo na kwenye skrubu za vishikizo, ambazo hulegea kwa teke la bunduki. Ni afadhali kununua bunduki tupu na darubini ya dola 200, kisha kukaza skrubu kwa spana ya kipimo, kuliko kurekebisha upya kila baada ya risasi ishirini. Tena, bunduki hizi ni nyepesi, nyingi zina uzito usiofika kilo 3.2, kwa hiyo risasi ya aina ya .30-06 hupiga teke la kumfanya anayejifunza afumbe macho kabla ya kuvuta triga. Risasi za 6.5 Creedmoor au .243 Winchester hutosha kwa kulungu na humruhusu mtu kufanya mazoezi bila kuogopa bega lake. Walioko Ohio wakumbuke kwamba sheria ya jimbo huruhusu kuwinda kulungu kwa bunduki za aina hii zikiwa na risasi zenye ganda lililonyooka tu (lisilobanwa shingoni), kama .350 Legend au .450 Bushmaster, kwa hiyo ofa nzuri ya .308 katika duka la Columbus haitawasaidia msituni kwao.

Kwa kuwa wasomaji wengi wa Kiswahili walioko Marekani wametoka nchi ambako raia wa kawaida hawindi, na Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977, ni vyema kueleza masharti ya ununuzi. Duka lenye leseni litamtaka mnunuzi ajaze fomu ya 4473 na litamchunguza kupitia mfumo wa FBI. Umri wa chini kwa bunduki ndefu ni miaka 18 kwa sheria ya shirikisho, na majimbo kadhaa yameupandisha. Mwenye ukaazi wa kudumu hununua kama raia. Mwenye viza ya muda, kama vile mwanafunzi, kwa kawaida hazuiliwi tu kununua bali hata kumiliki, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo au awe katika kundi jingine lililosamehewa, na kosa katika fomu hiyo linaweza kuharibu maombi yake ya uhamiaji.

Anayenunua iliyotumika aombe kutoa komeo na kuangalia ndani ya mtutu kwa mwanga, kwani kutu ndani ya mtutu haitibiki kwa mafuta. Ajaze magazini kwa risasi bandia, aziingize na kuzitoa zote kwa kasi na kwa polepole, kwa sababu bunduki nyingi hukwama mkono unapokuwa mwoga. Kisha aandike namba ya bunduki na kuitafuta katika tovuti ya mtengenezaji, kwenye orodha ya zilizorudishwa kiwandani kwa hitilafu za triga au usalama. Ikiwa imo na muuzaji hana karatasi ya matengenezo, bei yake ishuke au iachwe.